Kabureta ya Dizeli Niliyomfungia Baba Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu hapa nilipo nimekalia kuti kavu. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, huu ni mwaka wa kumi na sita, nina mke na watoto wawili wa kike, sinywi, sina nyumba ndogo, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mwanamke kwenye barua hii, hayumo. Waliomo ni baba mkwe wangu na kabureta.

Nianze na kundi letu. Tuko watu sitini na kitu kwenye simu, madereva wa malori, mafundi, wenye malori yao, na wengine hawana hata baiskeli ila wanapenda tu mlio wa dizeli, tunajiita Wanadizeli, na utani wetu mkubwa ni kuuziana vifaa ambavyo havipo duniani. Mtu akilalamika lori lake limechoka mlimani, mwingine anamtangazia sumaku ya kufunga kwenye bampa ya mbele ili livutwe na lori lililotangulia, mwingine anauza maji ya taa za indiketa, mwingine upepo wa tairi wa akiba, umefungwa kwenye mifuko, unapimwa kwa kilo, na kila tangazo lazima liishie kwa maneno yale yale, adimu na bei poa. Hapo sisi wengine tunatoa ushuhuda, "Mimi nilifunga mwaka jana, siku hizi mlima naupanda nimekanyaga breki," na raha yote iko kwa yule mgeni mmoja atakayeuliza kwa moyo safi, "Inapatikana wapi?" Akishauliza tunasema ameingia mkenge, tunacheka wiki nzima, kisha tunamweleza, naye anangoja mgeni mwingine aje ili na yeye acheke. Hakuna aliyewahi kuumia.

Sasa baba mkwe. Mzee huyu alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, kibanda chake kilikuwa pembeni ya soko, meza moja, taa moja yenye shingo ndefu na ile lenzi ya kubana jichoni, na watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu akafunga kibanda akanunua lori kuukuu la tani tatu, lile la pua ndefu, la kubebea mchanga na matofali. Watu walimshangaa, yeye akasema amechoka kutengeneza vitu vidogo. Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Tangu siku hiyo mzee hakuwa na neno, anapeleka mchanga, anarudi, anakaa sebuleni mbele ya redio iliyozimwa, ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza habari anasema nzuri, basi. Mke wangu alikuwa anakunja nguo siku moja, akaniambia bila kunitazama, "Baba watoto, mwingize baba huko kwenu mnakocheka." Nikamwingiza.

Kosa lilianzia hapo. Mkwe hataniwi, mshauri, unajua mwenyewe, shemeji utamtania, bibi utamwita mchumba, lakini baba mkwe unamwamkia huku umetazama chini, basi mimi nikaona haya kumweleza kwamba huku ndani tunadanganyana kwa raha zetu. Tangu aingie nikaacha hata kuandika utani, nikawa mtu wa "asante kwa taarifa" na "poleni na safari", lakini mkono ulikuwa unaniwasha, nikatunga tangazo nikampa rafiki yangu tunayemwita Injekta alibandike yeye kwa namba yake. Lilisema: Kabureta ya dizeli, orijino, inaongeza nguvu za mlimani, adimu na bei poa.

Labda hulijui jambo hili, mshauri, usikasirike nikikueleza. Kabureta ni ya injini ya petroli, kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Injini ya dizeli haina kitu hicho, ina pampu yake na nozeli zake na haijawahi kuhitaji kabureta. Kuuza kabureta ya dizeli ni sawa na kumuuzia samaki mwavuli.

Watu walitoa ushuhuda siku nzima. Mzee hakuandika neno, nikadhani hajasoma. Kumbe amesoma, na lori lake ndilo lile tunaloliita Kobe, maana mlima wa kwenda kwenye tanuru la matofali linaupanda huku wanafunzi wanalipita kwa miguu. Wiki tatu nzima mzee akazunguka maduka ya spea, haya nimekuja kuyasikia baadaye, duka la kwanza wakamwambia iliisha jana, la pili wakamuuliza anataka ya kulia au ya kushoto, la tatu wakamkalisha, wakampa chai, wakamwita jirani aje naye asikie. Kila akirudi anampigia simu mke wangu kumsimulia maduka aliyopita na watu aliokutana nao, bila kusema anatafuta nini, na mke wangu ananiambia macho yanang'aa, "Baba ameanza kutembea. Baba anaongea." Na mimi mjinga nikajisifu kwamba ni kwa sababu nilimwingiza kwenye kundi.

Jumanne moja asubuhi akaja gereji na boksi limefungwa kwa kamba ya katani, fundo la fundi saa, dogo na zuri. "Mwanangu," akasema, "nimeipata." Ndani kulikuwa na kabureta ya gari dogo la petroli, mtu ameipaka rangi nyekundu, hata harufu ya rangi haijaisha. Injekta alikuwepo na madereva wawili, wamekaa kwenye kiti cha lori tulichokifanya benchi, Injekta amejifunika uso kwa tambara la kufutia mikono na mabega yanamtikisika. Nikachanganyikiwa, nikasema, "Shikamoo baba," wakati nilishamwamkia.

"Marahaba. Ndiyo yenyewe?"

Wote wananitazama. Nikasema, "Ndiyo yenyewe, baba."

Nikaifunga, mshauri. Nilikata kipande cha bati nene, nikaishikiza ubavuni mwa injini kwa bolti mbili, nikachomeka mpira mmoja mweusi, nikaupitisha nyuma ya betri, na huko nyuma ya betri mpira unaishia, hauendi popote. Halafu roho ikanisuta. Wale watatu walipoondoka nikamwambia mzee akae apumzike, nikatoa filta ya hewa, vumbi lililotoka ungedhani nimekung'uta gunia la saruji, nikaweka mpya, nikabadilisha filta ya dizeli, nikakaza bomba la hewa lililokuwa linavuja, yote kimyakimya bila kumwambia, kwa hiyo Kobe kweli akapata nguvu, ila si kwa kile kilichopakwa rangi.

Nilipomaliza, mzee akatoa lenzi yake mfukoni, akaibana jichoni, akainama. Akaangalia muda mrefu. Akaufuata ule mpira kwa kidole, polepole, hadi nyuma ya betri, kidole kikasimama. Akasema, "Umeifunga vizuri, mwanangu. Haitikisiki." Akashusha boneti taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba mtoto amelala. Nikashukuru Mungu nikijua yamepita. Kabla ya kuwasha lori akaniuliza, "Huyu aliyeitangaza kule kwenye kundi, ndiye aliyeandika mwenyewe yale maneno?" Nikasema, "Sijui baba, kundi ni kubwa." Akatikisa kichwa akaenda.

Siku ya pili yake akaandika kwenye kundi kwa mara ya kwanza, na nukta na mikato yake yote kama barua ya ofisini: Ndugu zangu, nimefunga kabureta ya dizeli. Leo Kobe amepanda mlima wa tanuru kwa gia ya tatu. Watu wakachanganyikiwa kwa kicheko, wakafungua kundi la pili ambalo yeye hayumo, la kumchekea. Basi akatuma video, na kweli, Kobe anapanda na mzigo na wanafunzi wako nyuma. Madereva wawili wakaanza kuuliza pembeni inapatikana wapi, si kwa utani, na juzi Injekta mwenyewe, Injekta aliyelibandika lile tangazo kwa mkono wake, amekuja gereji, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniambia, "Kaka, hivi kweli haisaidii hata kidogo?"

Jumamosi ya wiki ijayo Wanadizeli tunakutana uwanja wa kokoto, kila mwenye lori na lori lake, na mzee ameomba apewe muda afungue boneti awaeleze watu. Wamekubali haraka sana. Simu zimechajiwa. Mke wangu hajui lolote, amemnyooshea baba yake shati jeupe, na wanangu wameshaniuliza mara tatu babu atasimama wapi ili waone. Nikimwambia ukweli naogopa atavunjika moyo arudi kwenye ile redio iliyozimwa, nisipomwambia atachekwa na watu sitini mbele ya wajukuu zake, kwa mkono wangu mimi, nimefikiria hata kuligusa lori Ijumaa lisiwake ili asifike. Nisaidie, mshauri, nimebanwa kotekote.

Mkwe Mwoga


JIBU

Mkwe Mwoga,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mhariri akachungulia mlangoni, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu. Na kabureta naijua, bwana. Mume wangu ni dereva wa lori, na mwaka wetu wa kwanza wa ndoa wenzake walimtuma dukani mara mbili kununua plagi za cheche za dizeli, nazo hazipo duniani, mara ya pili tukaenda wote. Nakuelewa utani wenu, na sina ugomvi nao.

Nina ugomvi na wewe. Kwanza lifute hilo wazo la kuligusa lori Ijumaa. Fundi anayeharibu gari zima kwa makusudi arudishe spana alikozitoa. Umeshamtengenezea mzee uongo mmoja kwa bolti mbili, sasa unataka kumtengenezea wa pili kwa kuchomoa waya?

Unasema mkwe hataniwi. Sawa, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini nani alikufundisha kwamba mkwe anadanganywa? Uliona haya kumwambia mzee, "Baba, huku tunataniana," maneno matatu ambayo yangemfanya acheke na nyinyi tangu siku ya kwanza, ukaona afadhali kutunga tangazo na kujificha nyuma ya namba ya rafiki yako. Hiyo heshima sijawahi kuiona. "Ndiyo yenyewe, baba" naweza kukusamehe nusu, ulibanwa mbele za watu na mtu akibanwa mdomo hutangulia akili. Lakini lile la pili, mko wawili tu, hakuna Injekta, hakuna benchi, mzee anakuuliza kwa upole nani aliandika, na wewe unamwambia kundi ni kubwa! Hilo silisamehe, na si mimi wa kulisamehe.

Sasa tulia unisikilize, maana umeandika jambo kubwa kwenye barua yako mwenyewe na hukulisoma. Mzee huyu kwa miaka arobaini amefungua saa za watu, anajua gurudumu lipi linasukuma lipi, vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Amebana lenzi jichoni. Ameufuata mpira kwa kidole hadi unapoishia. Kidole kikasimama. Na wewe, uliyekuwa umesimama pale pale ukitokwa jasho, unaniandikia kwamba yamepita? Soma tena alichosema. Alisema haitikisiki. Hakusema inafanya kazi. Halafu akakuuliza nani aliandika lile tangazo, na mtu aliyeridhika na alichonunua haulizi swali hilo.

Siwezi kuapa. Sijamwona, labda macho yamechoka kweli. Lakini kama nilivyomsoma mimi, mzee alijua pale pale, akiwa bado ameinama. Akatazama ile kazi, akatazama uso wa mume wa binti yake, akaona kwamba akisema neno moja wewe utaaibika gerejini kwako mwenyewe, akashusha boneti. Amekutunzia siri yako wiki zote hizi mbele ya watu sitini. Alikuuliza swali lile ili upate pa kuingilia, nawe ukapita nje. Jumamosi atafungua boneti mbele ya hao walioshika simu, na atakachosema sikijui. Inawezekana amepanga kuwaingiza nyote mkenge, na mtastahili. Ila hata kama hajui kitu, dawa ni ile ile.

Unaogopa redio. Hofu hiyo naielewa, na imenigusa, kwa sababu inaonyesha unampenda mzee kuliko unavyothubutu kusema. Lakini usiipe kabureta sifa isiyo yake. Kilichomtoa sebuleni ni wiki tatu za kuwa na swali na watu wa kumuuliza. Alikunywa chai duka la tatu. Alikuwa na habari ya kumpigia binti yake. Sasa nikuulize wewe: mzee ana lori la dizeli linalokataa mlima, na mkwe wake ni fundi wa dizeli mwaka wa kumi na sita. Kwa nini alizunguka mji mzima kuwauliza wageni, asianze na wewe? Jibu unalo. Kila akikukaribia unaamkia na kutazama chini, na mtu hawezi kuongea na utosi.

Fanya hivi. Usingoje Ijumaa. Mwite mzee gereji asubuhi, na Injekta mtume mahali, mwambie akatafute ile sumaku ya bampa. Fungueni boneti wawili. Mpe yeye spana, azifungue mwenyewe zile bolti mbili, yeye ndiye aliyezunguka wiki tatu. Na kabla bolti ya kwanza haijatoka, mwambie, "Baba, lile tangazo nililiandika mimi. Nilipokuambia sijui nilikudanganya. Nisamehe." Anza na hilo. Usianze na historia ya kundi, usianze na "unajua baba, vijana wa siku hizi". Kisha mwonyeshe filta ya hewa, ile ya zamani kama hujaitupa, mweleze kilichompa Kobe nguvu ni nini, na umweleze taratibu, hatua kwa hatua, kama fundi kwa fundi. Mtu huyu ametengeneza mashine maisha yake yote na nyinyi mnamwona mzee wa mchanga.

Mkeo mwambie siku hiyo hiyo. Atanuna, na ana haki. Aliyenyoosha shati ni yeye.

Lile kundi la pili, la kumchekea, lifutwe leo, na wa kwanza kutoka uwe wewe. Usiniambie hukumo. Injekta naye mjibu swali lake: hapana, haisaidii hata kidogo.

Jumamosi mwachie mzee aamue. Akitaka kukaa nyumbani, kaeni naye huko kwake, nenda na watoto. Akitaka kusimama na shati lake jeupe na kusema alichokusudia, simama ubavuni kwake, karibu na betri, na kabla hajafungua mdomo uwaambie watu sitini kwamba muuzaji wa kabureta ya dizeli ni wewe. Watacheka. Wakucheke wewe, mchimba kisima huingia mwenyewe, na ukitoka humo hai utakuwa na cha kusimulia.

Ila yote hayo ni ya Jumamosi. La gerejini ndilo gumu, kwa hiyo nikuage na hilo. Ukishamwambia "nisamehe", nyamaza. Atakaa kimya, na wewe utatamani kukijaza kimya hicho kwa maelezo, usikijaze, mwache afungue bolti zake. Na akianza kucheka, Mkwe Mwoga, usitazame chini.